Ligamenti imekatika. Na gegedu je?

Anayenitafuta kuhusu goti huanza karibu kila mara na swali hili: "Dada, ligamenti imekatika, nifanye upasuaji au nisifanye?" Mara nyingi ni mchezaji wa netiboli, mara nyingine kijana wa mpira wa miguu, au mzazi aliyeshika majibu ya MRI ya mwanawe, kile kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Nasikiliza, kisha nauliza: hayo majibu yanasemaje kuhusu gegedu? Hapo mazungumzo hukwama. Sentensi ya ligamenti, ile kamba inayoshikanisha mfupa na mfupa, wameisoma mpaka wameikariri. Sentensi inayofuata chini yake hakuna aliyewaeleza.

Nataka kuandika juu ya hiyo sentensi ya chini. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, na netiboli nimeicheza tangu nikiwa shule ya msingi. Goti langu la kulia lilifanyiwa kazi mbili kwa siku moja: ligamenti ilipandikizwa upya, na gegedu iliyokuwa imebanduka ikatengenezwa. Tangu hapo nimesoma sana, nimewauliza madaktari na mafizio, wataalamu wa tiba ya mazoezi, maswali mengi, na kuna jambo moja natamani kila mchezaji alijue kabla hajasaini fomu ya upasuaji. Hizi ni kazi mbili zinazopona kwa namna mbili tofauti, na ile inayopona taratibu ndiyo inayopanga ratiba yote.

Goti lenyewe kwanza. Mfupa wa paja unashuka, mfupa wa muundi unaupokea, na mbele yake kuna kilegesambwa, ile pia ya goti. Katikati kabisa zinapishana ligamenti mbili. Ile ya mbele, ambayo wanamichezo wote siku hizi wanaiita ACL, inauzuia muundi usichomoke kwenda mbele na goti lisizunguke kupita kiasi. Kati ya mifupa hiyo kuna meniskasi mbili, vimito vya gegedu ya aina nyingine, moja ndani na moja nje, zinazosambaza uzito. Halafu ndiyo gegedu: tabaka jeupe, linaloteleza, lililofunika ncha za mifupa. Unene wake kwenye goti ni milimita chache tu, kwa kawaida 2 hadi 4, ingawa nyuma ya kilegesambwa huzidi hapo. Sehemu yake kubwa ni maji. Haina mshipa wa damu hata mmoja, wala neva. Inalishwa na ute wa goti, ambao huingia na kutoka kadiri tunavyokanyaga na kuachia.

Huko kukosa damu ndiko kunakoleta tabu yote. Ukijikata kidole, damu inafika, inaganda, seli zinakuja nayo na ukarabati unaanza wenyewe. Gegedu ikichanika haipati msaada huo. Na kwa kuwa haina neva, inaweza kuharibika kwa muda mrefu bila mwenyewe kujua. Maumivu unayoyasikia yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, au kwenye utando wa goti uliovimba. William Hunter, tabibu wa London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu ikishaharibika hairudi. Zaidi ya karne mbili na nusu zimepita, na mbinu zote nitakazozitaja hapa ni majaribio ya kumpinga Hunter. Hakuna hata moja iliyofanikiwa kikamilifu kurudisha gegedu kama tuliyozaliwa nayo.

Sasa, kwa nini ligamenti na gegedu huumia pamoja? Nitaeleza kwa netiboli kwa sababu ndiyo ninayoijua. Ukidaka mpira ukiwa hewani, mguu unaotangulia kutua ndio unaokufunga. Unaweza kuunyanyua, lakini mpira lazima uwe umetoka mkononi kabla mguu huo haujagusa chini tena. Kwa hiyo sheria yenyewe inamtaka mchezaji asimame ghafla, tena mara nyingi kwa mguu mmoja, mwili ukiwa bado una kasi. Siku yangu ilikuwa kwenye mashindano ya watumishi. Nilikuwa nacheza GA, mmoja wa wafungaji wawili wa timu, nikaruka kudaka pasi ya juu, nikatua kwa mguu wa kulia huku kiwiliwili kimeshaanza kugeukia goli. Goti likaingia ndani. Nilisikia mlio, na beki aliyekuwa ananikaba akaniambia baadaye kwamba naye aliusikia. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limejaa hadi kilegesambwa hakionekani.

Huo uvimbe wa haraka, ndani ya saa chache, ni ishara ambayo kila mwalimu wa michezo anapaswa kuijua. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna damu ndani ya goti, na damu haiji bila kitu kuchanika. Katika sekunde ile ACL inapokatika, mfupa wa paja huteleza na kugonga sehemu ya nyuma ya muundi, hasa upande wa nje. MRI huonyesha mahali mifupa ilipovilia damu kwa kugongana. Gegedu iko katikati ya hiyo mifupa miwili, kwa hiyo kipigo chote kinapitia kwake. Inaweza kupasuka palepale, au ikabaki nzima kwa nje huku seli zake zimeumia.

Kuna madhara ya pili, na haya yanakuja polepole. Goti lisilo na ACL huwa linamwacha mtu. Anashuka ngazi, linachomoka. Anageuka jikoni, linachomoka. Kila likichomoka, meniskasi na gegedu zinasagwa upya. Watafiti wa sajili ya taifa ya ligamenti za goti ya Norway walionyesha mwaka 2009 kwamba kwa watu wazima, uwezekano wa kukutwa na gegedu iliyoharibika uliongezeka kwa karibu asilimia 1 kwa kila mwezi uliopita kati ya kuumia na upasuaji. Ni ndogo ukiitazama kwa mwezi. Lakini huku kwetu watu wanakaa na goti linalowaacha mwaka, miaka 2, wengine zaidi, wakisubiri rufaa, pesa au kipimo.

Mimi hospitali ya kwanza walinipiga eksirei, wakaniambia mfupa ni mzima, wakanipa dawa za maumivu na bendeji. Mfupa ulikuwa mzima kweli. Ila eksirei haionyeshi ligamenti wala gegedu, na hakuna aliyelishika goti langu kulipima kwa mikono. Nyumbani mama alileta mafuta ya kuchua, majirani wakaleta ya kwao, na uvimbe ulipopungua kila mtu akashukuru Mungu kwamba nimepona. Ilipita miezi kadhaa, goti likinichomoka hata darasani nikigeuka kutoka ubaoni, hadi nilipomfikia daktari bingwa wa mifupa Dar es Salaam. Alishika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, goti likiwa limekunjwa kidogo tu, akavuta. Akafanya hivyo kwa mguu wa kushoto, kisha akarudia kulia. "Mwalimu, umesikia tofauti?" Nilisikia. Kushoto kulikuwa na mahali pa kugota, kulia hapakuwepo. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine.

MRI ilithibitisha: ACL imekatika, meniskasi ya ndani imechanika kwa nyuma, na "kasoro ndogo ya gegedu" kwenye sehemu ya ndani ya mfupa wa paja, pale panapobeba uzito mtu anapotembea. Daktari aliweka kidole kwenye hayo maneno ya mwisho. Akaniambia MRI huionyesha ligamenti vizuri, lakini gegedu mara nyingi huipunja. Ukubwa halisi ataujua akishaingia na kamera. "Kwa hiyo tukubaliane sasa hivi," akasema, "nikikuta kubwa kuliko hii, nifanye nini." Nitamshukuru daima kwa mazungumzo hayo. Mgonjwa akishalala mezani hawezi kuulizwa tena, na yanayoweza kufanywa hapo hayafanani hata kidogo kwa namna yatakavyokupangia maisha baadaye.

Njia ni hizi. Ya kwanza ni kuiacha. Hiyo nayo ni uamuzi wa kitaalamu. Kidonda kidogo kilichotulia, kingo zake zimekaza, mgonjwa hana dalili zinazotoka hapo, mara nyingi kinaachwa au kinasafishwa tu. Ya pili ni kurudishia: kama kipande kimetoka kikiwa na mfupa wake na bado ni kibichi, kinaweza kubandikwa tena kwa pini au skrubu ndogo. Hii inahitaji kuwahi, na ndiyo sababu moja kubwa ya kutokaa na goti lililojaa damu ukisubiri lipungue.

Ya tatu ni kutoboa mfupa. Mbinu hii iliendelezwa miaka ya 1980 na Richard Steadman, daktari wa Vail, mji wa michezo ya theluji katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Mantiki yake inamjibu Hunter moja kwa moja. Gegedu haina damu, lakini uboho ulio chini yake unayo, tena una seli zenye uwezo wa kugeuka kuwa tishu nyingine. Daktari anasafisha kidonda hadi kingo ziwe wima na imara, kisha kwa chuma chenye ncha anatoboa matundu madogo kwenye mfupa, yakiachana milimita 3 hadi 4. Damu na uboho vinapanda, vinaganda pale, na kwa miezi tishu mpya inaota. Tatizo ni kwamba tishu hiyo ni ya kovu. Inafanana zaidi na gegedu ya meniskasi kuliko ile laini ya mwanzo, na ustahimilivu wake ni mdogo. Wengi hupata nafuu miaka ya mwanzo, halafu nafuu ikaanza kupungua, hasa kidonda kikiwa kikubwa.

Ya nne, László Hangody wa Budapest, Hungaria, alianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1992: kuchukua vipande vidogo vya mviringo vya gegedu pamoja na mfupa wake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito mwingi, na kuvipanda kwenye kidonda. Unapata gegedu halisi, ila umeichukua mahali pengine kwenye goti hilohilo, kwa hiyo haiwezi kufunika eneo kubwa. Ya tano ilianzia Göteborg, Sweden, mwaka 1987, na Lars Peterson, Mats Brittberg na wenzao wakachapisha matokeo ya wagonjwa 23 mwaka 1994. Gegedu kidogo inachukuliwa, seli zake zinakuzwa maabara kwa wiki kadhaa, kisha zinarudishwa gotini. Ni upasuaji mara mbili na gharama yake ni kubwa sana. Daktari wangu alinieleza kwamba kwa njia hiyo ningelazimika kusafiri nje, na hata huko wangependa kwanza ligamenti iwe imara.

Hilo la mwisho ndilo linalofanya kazi hizi mbili zifungamane. Gegedu ikitengenezwa ndani ya goti linalochomoka itasagwa kabla haijakomaa. Na ligamenti ikipandikizwa vizuri ndani ya goti lenye gegedu inayobanduka, mgonjwa atarudi na goti lililokaza lakini linalovimba kila akikimbia. Kwa hiyo, inapolazimu kuishughulikia gegedu, mara nyingi vyote viwili hufanywa siku moja, kwa matundu yale yale ya kamera.

Mimi nilichomwa sindano ya mgongo, si nusu kaputi. Nikaomba nione. Muuguzi alisogeza kidogo kitambaa cha kijani nikaiona skrini. Sitaisahau picha ya kwanza: eneo jeupe linalong'aa, safi, ambalo daktari aliniambia ni gegedu yangu isiyo na kasoro, ile ya upande wa nje. Kisha kamera ikahamia ndani. Pale palikuwa na kipande kilichobanduka upande mmoja, bado kimeshika upande mwingine, kinanyanyuka na kulala kadiri maji yalivyopita. Plasta ya ukuta iliyofura kwa unyevu ndivyo inavyokaa kabla haijaanguka. Daktari aliingiza chuma chembamba, akakiinua. Chini yake ulikuwa mfupa. Alipima kwa alama za kile chuma: kilikuwa kikubwa kuliko MRI ilivyosema, karibu sentimita moja na nusu kwa moja. "Mwalimu, ndiyo ile tuliyoizungumza," akasema. Nikamwambia aendelee.

Alishona meniskasi kwanza. Kisha akakata kile kipande kilicholegea, akakwangua hadi kingo zikasimama wima, akaanza kutoboa. Nilisikia mgongo wa kile chuma ukigongwa kwa nyundo ndogo. Mguu haukuhisi kitu, lakini sauti nilikuwa naisikia. Alipomaliza aliagiza pampu ya maji ipunguzwe. Tukasubiri. Presha iliposhuka, kwenye kila tundu kikaanza kutokea kitone cha damu, na pamoja na damu vitone vidogo vya mafuta vikielea. Daktari alivihesabu kwa sauti ya chini, tundu kwa tundu, kuhakikisha yote yanatoa. Mafuta yale ni ya uboho. Yakionekana, tundu limefika panapotakiwa.

Ligamenti ikafuata, na hiyo niliifuatilia kidogo tu kwa sababu nilishachoka. Walichukua kano mbili za nyuma ya paja, wakazikunja zikawa nne, wakachimba njia kwenye mfupa wa paja na wa muundi, wakaivuta kano hiyo mpya ikakaa pale ilipokuwa ACL. Kazi ya aina hii si ngeni: Ernest Hey Groves wa Bristol, Uingereza, alikuwa akiunda ligamenti mpya tangu 1917, kwa kufungua goti zima. Leo inafanyika kwa matundu, na hapa nchini inafanyika, MOI, ile Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, na kwenye hospitali nyingine kadhaa kubwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hawaandaliwi. Ningekuwa nimefanyiwa ligamenti peke yake, ningeruhusiwa kuanza kukanyaga mapema, kwa magongo, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kwa sababu mfupa ulitobolewa, na pale palipotobolewa ndipo panapobeba uzito, niliambiwa wiki 6 kugusisha tu nyayo chini, mwili wote kwenye magongo. Lile bonge la damu lililoganda kwenye kidonda linahitaji kutulia. Ukilikanyagia mapema, linang'oka. Kama kidonda changu kingekuwa nyuma ya kilegesambwa, amri ingekuwa nyingine: ningeweza kukanyaga mguu ukiwa umenyooshwa na kufungwa, ila kukunja kungewekewa mpaka. Kwa hiyo usichukue ratiba ya mwenzako aliyefanyiwa "goti kama lako". Uliza kidonda chako kiko wapi.

Kutokukanyaga si kutokutikisika. Goti lilitakiwa kukunjwa na kunyooshwa kwa wingi, bila uzito, ili ute uifikie tishu mpya. Katika nchi zenye uwezo mgonjwa anapewa mashine inayokunja mguu polepole kwa saa 6 hadi 8 kwa siku. Steadman alikuwa na agizo kwa asiye na mashine: mikunjo 500, mara 3 kwa siku. Nilikaa ukingoni mwa meza ya kulia, mguu wa kushoto ukiubeba wa kulia, nikiubembeza. Mama alikaa pembeni na tasbihi yake akinihesabia. Punje 99, anazungusha tena. Nikichoka alikuwa ananiambia, "Mwanangu, malizia mzunguko huu," na mzunguko ukiisha anaanza mwingine.

Mambo ya nyumbani hayamo kwenye vijitabu vya hospitali za Ulaya. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na goti lililoshonwa meniskasi na kutobolewa mfupa halichuchumai. Fundi wa mtaani alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati. Ndicho kifaa kilichonisaidia kuliko vyote, na namshauri kila mtu akiandae kabla ya siku ya upasuaji. Swala niliswali nimekaa kwenye kiti, rukuu na sijida kwa ishara ya kichwa. Bodaboda nilikatazwa kabisa. Jiko la mkaa la chini lilipandishwa juu ya benchi. Haya ni madogo ukiyasikia, lakini yasipopangwa ndiyo yanayomfanya mtu akanyage wiki ya pili kwa sababu amebanwa na haja usiku na magongo yako mbali.

Fizio wangu, kijana mtulivu sana, alinieleza mapema kuhusu mtego wa mwezi wa pili na wa tatu. Kano iliyopandikizwa hufa kwanza, ndipo mishipa ya damu inaiingia na inajengwa upya. Katika kipindi hicho, ambapo uvimbe umeisha na mtu anajisikia vizuri, ndipo kano inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. "Dada, ukijisikia umepona, hapo ndipo uniogope zaidi," alikuwa akisema. Alinipima nguvu za paja mguu kwa mguu, mruko kwa mruko, na akakataa kunipa tarehe ya kurudi uwanjani. Kwa ligamenti pekee, wataalamu wengi leo wanasema isipungue miezi 9, na vipimo vya nguvu viwe vimepita. Gegedu iliusogeza mpaka huo mbele zaidi, kwa sababu kukimbia na kuruka ndiko kunakoipiga tishu changa. Tulifuata ya gegedu. Kila mahali ratiba hizi mbili zilipogongana, tulifuata ya gegedu.

Lazima niseme na upande mwingine. Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Sweden walichapisha walichokiona kwenye sajili zao kwa wagonjwa waliopandikizwa ACL huku wakiwa na gegedu iliyoliwa hadi mfupani. Waliwalinganisha walioachwa bila kuguswa, waliosafishwa tu, na waliotobolewa mfupa. Baada ya miaka 2, kusafisha hakukuwa na athari yoyote, na waliotobolewa walieleza hali mbaya zaidi katika michezo na ubora wa maisha kuliko walioachwa. Nilipousoma utafiti huo, goti langu lilikuwa limeshatobolewa. Niliutoa kwenye karatasi nikaupeleka kliniki. Daktari alikuwa anaujua. Alinijibu kwamba vidonda vilivyotulia, anavyovikuta kwa bahati tu akiwa anafuata ligamenti, siku hizi anaviacha. Changu kilikuwa na kipande kinachonyanyuka na kunaswa, mahali pa kubeba uzito, na kukiacha kulimaanisha kungoja kidondoke chenyewe kizurure gotini. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana. Ila nadhani yeyote anayeambiwa "tutatoboa na gegedu pia" ana haki ya kuuliza kwa nini yake isiachwe.

Wanamichezo mashuhuri nao wanaonyesha jinsi matokeo yalivyo mapana. Amar'e Stoudemire wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, alitobolewa goti mwaka 2005 na akarudi kuwa nyota. Greg Oden, aliyechaguliwa wa kwanza kwenye usajili wa chipukizi wa 2007, alitobolewa goti la kulia mwaka huohuo na la kushoto mwaka 2010. Katika maisha yake yote ya NBA alicheza mechi 105 tu. Mbinu ni ile ile, na wote walipata madaktari na mafizio bora.

Na kuhusu swali la "nifanye au nisifanye": Sweden walichukua vijana 121 waliokatika ACL, nusu wakafanyiwa upasuaji mapema, nusu wakaanza na mazoezi huku upasuaji ukiwekwa akiba. Matokeo yalichapishwa 2010 na hayakutofautiana baada ya miaka 2; na hadi mwaka wa 5, karibu nusu ya wale wa mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Kwa hiyo si kila ACL inapelekwa thieta. Lakini kama goti linakuacha, au linanasa, au gegedu imebanduka, hesabu inabadilika. Mtu apimwe kwa goti lake.

Nasisitiza gegedu kwa sababu ya miaka inayokuja. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2007 yalikadiria kwamba karibu nusu ya watu waliokatika ACL au kuchanika meniskasi huwa na goti lililosagika ndani ya miaka 10 hadi 20. Binti anayeumia kidato cha tatu anaweza kufika hapo kabla ya miaka 35, akiwa na watoto wadogo na kazi ya kusimama. Na mabinti ndio wanaoumia zaidi: katika michezo ile ile, wanawake hukatika ACL mara 2 hadi 8 kuliko wanaume. Goti langu leo linanibeba darasani kutwa nzima. Mvua ndefu zikianza linakaza asubuhi. Sijida nimeirudia, kwa mto mdogo chini ya goti. Mashindano nimeacha.

Nguvu zangu sasa ziko kwa wasichana wa shule yangu. Netball Australia wana programu ya kuzuia majeraha ya goti waliyoiandaa kwa ajili ya netiboli, na FIFA wana ya kwao ya dakika 20, ya kufanywa angalau mara 2 kwa wiki. Nimechukua kutoka zote mbili yanayowezekana kwenye uwanja wetu wa udongo mgumu. Tunaruka na kutua kwa miguu miwili kwanza, magoti yamekunjwa, yakielekea kwenye vidole vya miguu na si ndani. Kisha mguu mmoja. Kisha mguu mmoja na mpira, halafu mguu mmoja na mpira na mwenzako akikusukuma begani. Anayetua goti likiingia ndani anarudia, awe nahodha au mgeni. Na yeyote ambaye goti linamvimba kabla jua halijazama, hachuliwi na mtu. Linafungwa, linawekewa barafu kutoka duka la soda la jirani, na kesho yake anapelekwa kwa daktari atakayelishika goti kwa mikono yake. Tunafanya Jumatatu na Alhamisi saa kumi jioni, na walimu wa michezo wa shule za jirani wameanza kuja kuangalia.